Nilisema Pistoni Sita Zimelingana

Ko.

Sauti ndogo tu, ya sahani ya mizani ikigonga meza ya mbao dukani kwa Mama Kabula. Injini ya lori letu ilikuja kupasuka baadaye, na kaka yangu anasema mlio ule waliusikia mpaka wachunga ng'ombe wa bondeni. Huo mimi sikuusikia, sikuwepo. Mimi nina huu mdogo. Nausikia nikiosha vyombo, nausikia hata kanisani watu wakiwa kimya. Ko.

Nilikosa. Nasema mapema ili usije ukanihurumia njiani halafu ukajuta. Jina langu sitaji, Bariadi si kubwa, na wanaonijua watanijua hata hivi. Nimeishia kidato cha pili, kwa hiyo mahali nimepindisha maandishi mnisamehe. Habari yenyewe sijaipindisha. Kuna fundi mmoja aliondoka mji huu jina lake likiwa limechafuka, watu wakisema ameua lori la watu. Hakuua. Niliyeua ni mimi, kwa neno moja.

Nianze na lori. Ni la baba, la zamani, silinda sita, bluu iliyopauka mpaka inakaribia kuwa nyeupe. Dereva ni kaka yangu Masanja. Msimu wa pamba linabeba pamba kutoka vijijini kwenda kiwandani, msimu ukiisha linabeba chochote: mahindi, mbao, maharusi. Mimi tangu mdogo ndoto yangu ilikuwa kuliendesha. Sisemi kukaa pembeni ya dereva nikila miwa, nasema kushika usukani. Nilishachagua na maneno ya kuandika juu ya kioo siku likiwa langu: BINTI MIZANI.

Baba yangu watu wanamwita Mzee Mizani. Hana mizani yoyote. Ni kwamba kwetu pamba ikianza kununuliwa, wakulima huchagua mtu wao wa kusimama pale kwenye mizani, aangalie kilo zinavyosomwa. Mkulima wa pamba muulize kinachomuuma, atakwambia mvua, atakwambia bei, lakini akishakaa vizuri atakwambia mizani. Baba alichaguliwa mimi sijazaliwa, na hawajawahi kumbadilisha. Akisema "sawa", mtu anachukua karatasi yake anaondoka bila kugeuka nyuma.

Sasa mwaka ule lori likanoki likitoka Sola na mzigo. Injini iligonga, ikagonga, ikakaza, ikazima. Likavutwa mpaka gereji kwa Fundi Maduhu, nyuma ya soko.

Fundi Maduhu ndiye aliyenifundisha majina ya vitu. Nilipoacha shule nilikuwa naenda pale kuosha spea kwenye beseni la dizeli, na hakuwahi kuniambia kwamba hiyo si kazi ya msichana. Alikuwa anasema tu, "Osha na ndani, ndani ndiko kwenye kazi." Akashusha injini, akaifungua, akatuita.

"Mzee njoo uone mwenyewe."

Pistoni mbili zilikuwa na nyufa. Slivu, zile silinda ambamo pistoni inapanda na kushuka, zilikuwa zimechimbika. Konrodi moja, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni kwa chini, ilikuwa imepinda.

"Hii injini imebebeshwa kama punda wa kukodi," Fundi akasema.

Masanja akaanza kuangalia juu kama anayetafuta ndege.

Baba akaigeuza ile pistoni yenye ufa mkononi. "Maduhu, mimi sitaki spea za kufunga leo kufungua kesho. Hakuna ngumu kuliko hizi?"

"Zipo. Kuna pistoni nzito, zina pete ya chuma pale ringi ya juu inapokaa. Kuna konrodi nene, kuna beringi za kuvumilia. Ila hapa huzipati, Mzee. Mwanza, na huko kwenyewe mpaka utafute."

Baba akauza maksai wake wawili, Tajiri na Soja, waliokuwa wakilima shamba letu. Aliwaswaga mwenyewe mpaka mnadani, akarudi na kamba zao begani. Hakula siku hiyo.

Nani aende Mwanza? Baba yuko kwenye mizani, Fundi yuko ndani ya injini, na Masanja ukimtuma pistoni anakuletea redio. Nikasema naenda mimi. Nilisema haraka kuliko mtu yeyote alivyotaka kukataa.

Fundi alinipa pistoni moja ya zamani niibebe iwe mfano, maana ndivyo spea zinavyonunuliwa, unaenda na ya zamani wanakutafutia ndugu yake. Akanikalisha kwenye tairi.

"Sikiliza, ng'wanone." Hilo ni neno letu la mwanangu. "Konrodi na beringi hazinipi wasiwasi. Shida ni pistoni. Ukipata ngumu zote sita, vizuri. Ukikosa hata moja, chukua za kawaida zote sita, tutaishi nazo. Usinichanganyie. Injini ni kama plau. Ukifunga nira moja maksai mzito na maksai mwepesi, plau inaenda wapi?"

"Inapinda."

"Na anayeumia shingo ni yupi?"

Nikasema mwepesi. Alicheka mpaka akaegemea bodi ya lori. "Wewe umekulia sokoni. Anaumia mzito, kwa sababu anavuta na cha mwenzake."

Kwa hiyo usije ukasema sikuambiwa. Niliambiwa, tena kwa mfano wa ng'ombe.

Mwanza nilifikia kwa mama mdogo. Asubuhi nikavaa gauni langu la kanisani, pistoni nikaiweka kwenye kikapu nikaifunika kitenge, nikaenda kwenye mtaa wa spea naimba. Nilidhani mpaka mchana nitakuwa nimemaliza, nikatembee ziwani.

Jamani, mtaa ule. Hakuna anayekwambia hana. Wote wanayo. "Ipo, kaa hapo." Unakalishwa kwenye stuli, kijana anatoka mbio, unasubiri. Anarudi na boksi ambalo muda mfupi uliopita umelikataa duka la jirani. Boksi moja nililikataa kwa watu watatu, tukafika mahali tukawa tunasalimiana mimi na lile boksi.

"Dada umebeba kikombe cha chai?" mmoja akauliza nilipofunua kikapu.

"Ni pistoni."

"Najua. Mwambie mumeo aje mwenyewe."

"Sina mume. Nina lori."

Walicheka duka zima, na mimi nikacheka nao. Lakini ngumu hawakuwa nazo. Nikiomba nzito wananiletea za kawaida zilizofutwa mafuta ziking'aa. Nikiuliza kama ni orijino wanasema orijino. Ya wapi? "Orijino ya kwenye boksi, dada, wewe unataka ya wapi?" Kuna boksi jipya kabisa nilifungua, ndani pistoni imeshatumika, imeoshwa. Nikapitisha ukucha ubavuni kama Fundi alivyonifundisha, ukucha ukakwama kwenye mchubuko.

"Hiyo ni alama ya kiwanda," akaniambia, macho makavu.

Konrodi nilipata. Beringi nilipata. Pistoni, hakuna. Siku ikaisha, nyingine ikaisha. Ndala zikakatika nikazifunga na waya. Masanja anapiga simu: umepata? Bado. Baada ya chakula anapiga tena: umepata? Nikamwambia ningekuwa nazitaga mwenyewe ningeshazitaga. Nilikuwa nimechoka mpaka furaha yangu yote ya kuja Mwanza imeniisha, na ziwa sijaliona.

Halafu mwisho wa mtaa, duka dogo, muuzaji mmoja mtaratibu asiyepiga kelele. Nikamwonyesha mfano. Akapanda ngazi, akashusha boksi lenye vumbi, akafungua kifuniko. Nikashika ya kwanza. Mkono ukashuka. Nzito. Nikaangalia juu pale kwenye mfereji wa ringi, pete ya chuma ile pale.

Nikapiga simu palepale, za chini yake sijazigusa.

"Baba, nimepata."

"Ngumu?"

"Ngumu, Baba."

"Zote?"

Boksi lenyewe limeandikwa sita. Nikasema, "Zote."

Alikuwa ameweka sauti kubwa. Nikasikia mama anapiga vigelegele, nikasikia majirani wanauliza kuna nini, nikasikia Masanja anasema, "Sasa hilo lori litapanda mlima likiwa linapiga mluzi." Nikakata simu nikitabasamu kama mjinga, nikaendelea kutoa pistoni moja moja. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Ya tano. Kwenye nafasi ya sita kulikuwa na gazeti limekunjwa.

"Aa, dada, nisamehe," muuzaji akasema. "Hiyo moja ilikuwa na ufa ikarudishwa. Nilisahau. Ila ninayo ya kawaida, upana uleule. Wapo wanaochanganya."

"Fundi amekataa."

"Basi chukua za kawaida zote sita, hizi hapa."

Nakuomba usikie vizuri hapo. Muuzaji hakunidanganya. Njia iliyonyooka ilikuwa juu ya meza yake, ndani ya boksi la pili. Nilikuwa nimeshaanza kulivuta upande wangu.

Simu ikalia. Mama.

"Mwanangu, nilitaka tu nikwambie. Baba yako amekaa hapa nje anacheka peke yake. Tangu auze wale ng'ombe hajacheka."

Ningesema, Mama, subiri, ipo shida. Maneno manne. Mimi tangu mtoto siwezi kumpa mtu habari mbaya. Paka wetu alipokufa niliwaambia wadogo zangu amehamia Maswa, na nikaendelea kuwaletea salamu zake. Watu walikuwa wanasema nina moyo mzuri. Nikamwambia mama, "Mwambie nakuja."

Nikachukua tano ngumu na moja ya kawaida.

Nilifika Bariadi mchana, Fundi Maduhu akiwa ameingiza mikono yote miwili kwenye bloku, mwili wenyewe wa injini. Kwa nje pistoni zile zilifanana, ungeziona ungesema mapacha. Tofauti ilikuwa ndani, na ndani ile moja nilikuwa nimeipaka grisi nyingi. Niliipaka kwa kidole changu mwenyewe, kwa hiyo siwezi kusema nilipitiwa.

"Zipeleke kwa Mama Kabula," akasema bila kuinua kichwa. "Zipime mbili mbili, uniambie kama zimelingana."

Ndivyo alivyokuwa anafanya siku zote. Gereji hakuna mizani, na Mama Kabula duka lake lipo pua na mdomo, ana mizani ya zamani ya sahani mbili ya kupimia sukari na dagaa.

"Unaniletea vyuma kwenye mizani ya sukari," Mama Kabula akalalamika, huku anasogeza maharage yake nipate nafasi. "Wateja wangu wakinywa chai ya dizeli nitawaleta kwenu."

Nikaweka ngumu na ngumu. Zikasimama sawa, zimetulia kabisa. Nikabadilisha, tena sawa. Tano zote sawa. Nikachukua ile ya sita nikaiweka taratibu, taratibu kabisa, kana kwamba nikiibembeleza itakuwa nzito.

Ikapanda juu. Ngumu ikashuka, sahani ikagonga meza. Ko.

Mama Kabula akageuza shingo. "Huyo mmoja hajala."

"Ndivyo alivyozaliwa," nikasema, na tukacheka wote wawili.

Nikarudi gereji.

"Zimelingana?" Fundi akauliza.

"Zimelingana."

"Zote?"

"Zote, Fundi."

Akaitikia kwa kichwa. Akafuta mikono, akachukua ya kwanza akaanza kuivalisha ringi, na akasema kama anayeongea na ile pistoni, "Angekuwa mtoto wa mtu mwingine ningekwenda mwenyewe."

Lori likafungwa. Likawaka. Na lilikuwa na nguvu, siwezi kusema uongo, hata wengine walikuwa wanasimama barabarani kulitazama likipanda na mzigo. Masanja alinirusha juu kama mtoto. Baba alinunua soda za watu wote gerejini. Nikajiambia, unaona, haikuwa na shida.

Lakini lilikuwa linatetemeka. Likiwa limesimama, kioo cha pembeni kinachezacheza, huoni sura yako. Masanja alisema linacheka. Fundi Maduhu hakucheka. Akabadilisha raba za kukalia injini. Akakagua nozeli zinazopulizia dizeli. Akakaa pembeni mwa lori lile, sikio kwenye bisibisi, bisibisi kwenye bloku, anasikiliza. Jioni moja nikiwa naosha spea, gereji wameshaondoka wote, akaja akachuchumaa karibu na beseni langu.

"Zile pistoni. Ulizipima zote?"

Aliuliza kwa upole. Angekuwa mkali labda ningeogopa nikasema. Mimi nikamwangalia usoni nikamjibu, "Fundi, kwani mimi ni binti wa nani?"

Akasimama. "Kweli. Nisamehe."

Aliniomba msamaha. Mtu huyo aliniomba mimi msamaha.

Msimu ukiwa umechanganya, lori likitoka upande wa Mwanhuzi limejaa pamba, injini ikapasuka. Konrodi ilitoboa ubavu wa bloku, ngumi inaingia. Namshukuru Mungu Masanja aliliweka pembeni hakuumia mtu. Alikaa na ile pamba barabarani, malori mengine yakimpita yanampigia honi.

Walipolifungua tena, nilikuwepo. Iliyovunjika ilikuwa pistoni ngumu na konrodi yake nene. Jirani yake, ile nyepesi, ilitoka nzima, haina hata mkwaruzo. Niliichukua wakati watu wanagombana, nikaiweka kwenye kikapu, nikaificha chini ya nguo zangu.

Na kugombana kulikuwa kukubwa. Baba yangu si mtu wa maneno, ndiyo maana yakimtoka yanabaki. Alisimama katikati ya gereji, wateja wapo, mafundi wenzake wapo.

"Maduhu. Nilikuletea maksai wangu wawili, umenirudishia tundu."

"Mzee, mimi nilifunga nilicholetewa."

"Ulicholetewa kilipimwa. Kililingana. Sasa kilichobaki ni mikono yako."

Fundi Maduhu akaniangalia. Mimi nikaangalia miguu yangu, nikaona kidole kimoja kina grisi, nikaanza kukifuta kwenye kidole kingine. Hicho ndicho nilichofanya wakati mtu anapoteza jina lake.

Akisema mtu mwingine, watu wanasikiliza nusu. Akisema Mzee Mizani, limepimwa. Mwenye trekta akaja kuchukua trekta lake. Mwenye pikapu naye. Pale gereji pakabaki Fundi na kuku. Akafunga vyombo vyake kwenye gunia, akahamia Lamadi, nikasikia ameajiriwa kwenye gereji ya mtu. Mtu aliyekuwa na gereji yake.

Utaniuliza kwa nini sikusema hapo. Nilikuwa nasema kila siku, moyoni. Kila asubuhi nilikuwa nasema leo. Halafu namwona baba anakunywa uji wake, nasema akimaliza uji. Uji unaisha, nasema kesho. Nilijichukia na bado nilikuwa nacheka na watu, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba meno yangu yalikuwa yanafanya kazi kama kawaida.

Mvua za kulima zikafika. Tajiri na Soja hatuna. Baba akaazima maksai mmoja mkubwa kwa shemeji yake na dume changa kwa jirani, akawafunga nira moja. Mimi nikawa natembea mbele nikiwaongoza, yeye nyuma ameshika plau. Mstari ukawa unapinda. Anapiga kelele, "Nyoosha!" Nanyoosha, unapinda. Tukalima hivyo mpaka jua limepanda, mistari imelala ovyo kama nyoka waliouawa.

Tulipowafungua, yule mkubwa shingo ilikuwa imechubuka, nyama inaonekana, nzi wameshajaa. Yule mdogo akaondoka zake kula majani.

Baba akamimina maji kwenye kile kidonda. "Ndivyo ilivyo," akasema. "Mwepesi hana kidonda."

Nikakaa chini palepale kwenye tope. Nikamwambia. Nilianza na gazeti lililokunjwa, nikaja kwenye grisi, nikaja kwenye mizani ya Mama Kabula, nikaja kwenye lile jibu la binti wa nani. Lile la mwisho ndilo lilikuwa gumu kutoka.

Hakunipiga. Laiti angenipiga. Alimaliza kumwosha yule ng'ombe, akakunja kamba, akaniuliza kitu kimoja tu: "Maduhu alikuuliza mara ngapi?"

"Mara mbili, Baba."

Akaenda nyumbani akaniacha na plau.

Kwenye mkutano wa wakulima uliofuata alisimama, nami nimekaa nyuma na wanawake. Alisema Fundi Maduhu hakuharibu lori, kilichoharibu ni uongo uliotoka nyumbani kwake, na kwamba yeye kwenye mizani hasimami tena. Watu wakanung'unika. Mzee mmoja akamwambia, "Lakini wewe hukudanganya, aliyedanganya ni mtoto." Usiku wa kuamkia mkutano ule nilikuwa nimeshapiga magoti kumwomba asiache, nimeshamwambia maneno hayohayo. Akawajibu kama alivyonijibu mimi: "Nilimtukana mtu mbele za watu kwa kipimo ambacho sikukiona. Mtu wa hivyo mnamweka kwenye mizani afanye nini?"

Wakachagua mwingine. Msimu uliofuata nilisikia wanawake kisimani wanasema kilo za siku hizi hazieleweki. Waliponiona wakainua ndoo zao.

Lamadi tulikwenda wawili, mimi na baba. Fundi Maduhu tulimkuta chini ya lori la samaki, miguu tu ndiyo inaonekana. Baba akasalimia, "Mwadila." Miguu ikatulia. Kisha akatoka, akasalimia vizuri, akatafuta viti.

Baba akasema amekuja kumsafisha mbele za watu kama alivyomchafua, akaita wenye gereji na wateja, akayasema yote. Halafu akamwomba arudi Bariadi.

"Wabeja, Mzee," Fundi akashukuru. "Lakini watoto wangu wanasoma hapa sasa. Hapa nanuka sangara, ila hakuna anayeniuliza niliua lori la nani."

Nikapiga magoti, nikaomba radhi, nikalia, kila kitu. Alinisubiri nimalize.

"Ile ya kwanza sikukasirikii," akaniambia. "Watu wamekusubiri, mtu anaogopa. Ya pili nilikuuliza tukiwa wawili tu, pembeni ya beseni. Hapo ulikuwa unamwogopa nani?"

Akarudi chini ya lori.

Lori letu lipo nyuma ya nyumba, limekaa juu ya mawe, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Masanja anaendesha la mtu. Baba ananisalimia, ananituma, tunakula pamoja, lakini akinituma dukani ananiambia, "Mwambie Mama Kabula apime mwenyewe." Anasema bila hasira. Nafikiri hata hajui kwamba anasema.

Wewe unayesoma, hasa wewe mwenye moyo laini kama mimi, ukitumwa kitu ukakikosa, rudi umekikosa. Watasikitika siku moja, watakula, watalala. Usipige simu kabla hujafungua boksi mpaka chini. Na ukishateleza mara ya kwanza, akija mtu akakuuliza kwa upole mkiwa wawili, shika mlango huo, ingia, hata kama hujavua viatu. Hautafunguliwa tena.

Juzi nilikwenda dukani kwa Mama Kabula na kikapu changu. Ndani kulikuwa na ile nyepesi na moja ngumu katika zile zilizopona. Alikuwa anataka kutoka kwenda kukoroga chakula chake uani, akaniambia niangalie duka.

Alipotoka nikasogeza maharage. Nikaweka ngumu upande huu, nyepesi upande ule, nikaondoa mikono.

Ko.

Hapakuwa na mtu. Nikasema kwa sauti, sauti yangu ya kawaida, kama ninayemjibu mtu aliyeuliza, "Hazilingani, Fundi."

Halafu nikazitoa, nikachukua upindo wa kitenge changu nikafuta sahani zote mbili mpaka zikang'aa, maana ni za sukari.